Kambi za jela za Marekani si hoteli

Kila tajiri anapofungwa Marekani kwa kosa la fedha, maneno huwa yaleyale: amepelekwa kustarehe kwenye jela yenye uwanja wa tenisi. Yalisemwa hata Martha Stewart, mfanyabiashara na mtangazaji maarufu wa televisheni, alipotumikia miezi 5 kwenye kambi ya jela ya Alderson, West Virginia, kuanzia Oktoba 2004.

Ni kweli kwamba kambi hizi za serikali ya shirikisho zina ulinzi mdogo. Nyingi hazina uzio wa maana, na wanaopelekwa huko ni wale wasiohesabiwa kuwa hatari. Lakini kukosa uzio si uhuru. Anayevuka mpaka wa kambi akaenda zake ametoroka, na kosa hilo linaweza kumwongezea hadi miaka 5.

Itazame siku yenyewe. Watu hulala kwenye mabweni ya vitanda vya dabodeka, faragha hakuna. Saa 10 alasiri kila mmoja husimama wima kando ya kitanda chake, kimya, mpaka ahesabiwe. Usiku askari hupita tena na tochi, wakihesabu waliolala. Mwenye afya lazima afanye kazi: kupika, kudeki, kufyeka nyasi. Malipo ya kazi nyingi ni senti 12 hadi 40 kwa saa, na kwa ujira huohuo atanunua sabuni na kulipia simu.

Simu ndiyo inayoniuma zaidi. Ikifika dakika 15 inakatika yenyewe, hata kama mtoto upande wa pili bado anaeleza alichofanya shuleni.