Namna ya Kumfanya Mtoto Apende Kuokota na Kutenganisha Taka

Katika kazi yangu ya elimu ya mazingira, swali ninaloulizwa na wazazi mara nyingi kuliko mengine linahusu zawadi. Wanataka kujua wampe mtoto nini ili akubali kutoka nao kwenda kuokota taka, au wamlipe kiasi gani kwa kila chupa anayoitumbukiza kwenye pipa linalostahili. Jibu langu huwashangaza wengi, kwa kuwa huwaambia wasimwahidi chochote. Sisemi hivyo kwa ukali wala kwa kubana matumizi. Ninasema hivyo kwa sababu jambo hili limekwisha kuchunguzwa kwa makini na wataalamu wa saikolojia ya watoto.

Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto waliokuwa tayari wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kushurutishwa na mtu, kisha wakawagawa katika makundi matatu: la kwanza liliahidiwa cheti maridadi endapo lingechora, la pili lilipewa cheti hichohicho baada ya kuchora bila kuwa limeahidiwa, na la tatu halikupewa kitu. Wiki chache baadaye kalamu ziliporejeshwa darasani, watoto waliokuwa wameahidiwa walizishika kwa takriban nusu tu ya muda ambao wenzao walizishika. Ahadi ilikuwa imeugeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakimvutii mtu. Linalonigusa zaidi katika jaribio hilo ni kundi la pili, maana linaonyesha kwamba shukrani inayokuja bila kutarajiwa haina madhara. Mtoto akirudi amechoka na mikono imechafuka, mpongeze na mfurahie pamoja, ila usimtangulizie bei.

Mtoto mdogo hupenda kwa asili yake kuinama, kuokota, kuchambua na kupanga vitu kwa rangi na ukubwa, jambo ambalo mzazi yeyote aliyewahi kutembea na mtoto wa miaka mitatu analijua. Kwa hiyo kazi ya mtu mzima ni kuilinda hamu hiyo na kuitungia kanuni nzuri. Mfano bora wa kanuni za namna hiyo ninaoufahamu unatoka Japani, ambako mwaka 2008 ulianzishwa mchezo wa kushindana kuokota taka uitwao Spogomi. Timu za watu watatu hupewa eneo lenye mipaka na muda maalumu, hukusanya taka, kisha huzitenganisha, na pointi hutolewa kwa kuzingatia uzito pamoja na aina ya taka. Mchezo huo umekua hadi kufikia mashindano ya Kombe la Dunia, ambayo kwa mara ya kwanza yalifanyika Tokyo mwaka 2023, na timu ya Uingereza ikaibuka mshindi.

Tazama jinsi kanuni hizo zilivyofikiriwa. Kukimbia kumekatazwa, na hivyo mwenye miguu mirefu hapati faida kubwa, na usalama unalindwa bila mtu kupiga kelele. Vipisi vya sigara, ambavyo ni vyepesi na vigumu kuviona, vimepewa thamani kubwa kwa uzito wake kuliko taka za kawaida, kwa hiyo jicho kali hulipa zaidi ya msuli. Katika mchezo wa aina hii mtoto hana haja ya kuonewa huruma, kwa sababu macho yake yako karibu na ardhi na huona yale ambayo baba yake ameyapita. Mnapoucheza katika familia, changanyeni watu wazima na watoto katika kila timu badala ya kuwashindanisha wazazi na watoto. Waachieni watoto wapange thamani ya kila aina ya taka kabla ya kuanza, halafu heshimuni uamuzi wao hata kama wameamua kwamba kizibo cha bluu kina pointi nyingi kuliko tairi. Hesabu ya pointi ifanyike baada ya kutenganisha, na kila kitu kilichowekwa kwenye fungu lisilo lake kipunguze pointi, maana mtoto akizawadiwa kwa wingi peke yake atajaza gunia kwa pupa na kuona kutenganisha ni usumbufu.

Mashindano hata hivyo huchosha, na wapo watoto wasioyapenda kabisa. Kwao, na kwa wengine wote baada ya mara mbili tatu, ninapendekeza kuhesabu. Usafishaji wa fukwe unaoratibiwa kimataifa na shirika la Ocean Conservancy, ambao chimbuko lake ni usafi wa ufuo uliofanyika Texas mwaka 1986, ulijengwa juu ya wazo hilo tangu mwanzo: waliojitolea waliandika kila walichookota kwenye fomu, aina kwa aina. Kwa miaka mingi fomu hizo zilionyesha kwamba vipisi vya sigara ndivyo vilivyookotwa kwa wingi kuliko kitu kingine chochote, na hilo ni jambo la kuwaeleza watoto wakubwa, kwa kuwa watu wengi hudhani kichungi cha sigara ni pamba au karatasi ilhali kimetengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo ni plastiki.

Familia inaweza kuwa na karani wake mwenye kalamu na karatasi, na nafasi hiyo izunguke. Thamani ya hesabu hudhihirika mnaporudi mahali palepale na kulinganisha. Mtoto aliyehesabu vizibo huanza kuuliza kwa nini vinarundikana karibu na benchi moja na si jingine, nani hukaa pale, pipa liko umbali gani, upepo unavuma kuelekea wapi. Hapo ameshavuka kuokota na kuingia katika upelelezi, na mara nyingi jibu huwa jepesi kiasi kwamba anaweza kuandika barua kwa wahusika akiomba pipa lisogezwe, akiambatanisha hesabu zake. Sijui somo la uraia linaloingia kichwani vizuri kuliko hilo.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi, ila kwa mkazo. Kila mtoto avae glavu zinazomtosha na viatu vilivyofunika vidole, na atumie koleo la kubania taka lenye mpini mrefu, ambalo lenyewe ni nusu ya furaha yake. Vioo vilivyovunjika, sindano, betri, dawa, pamoja na chombo chochote chenye kimiminika kisichojulikana ni kazi ya mtu mzima peke yake. Mtoto akikiona asimame, anyooshe mkono na kuita, na mpe pointi kwa kukigundua, kwani usipompa atashawishika kukishika. Kaeni mbali na barabara yenye magari, kingo za mito na miteremko, na nawieni mikono kwa sabuni hata kama glavu hazikuchanika. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, robo saa inatosha kabisa, tena ni vizuri kuacha angali anataka kuendelea.

Kurejeleza, yaani kuzigeuza taka kuwa malighafi ya vitu vipya, ndiko kunakopewa sura mbaya zaidi nyumbani, kwa sababu hufundishwa kama orodha ya makatazo iliyobandikwa juu ya mapipa. Mimi hupenda kuanza na sumaku. Mpe mtoto sumaku na makopo mchanganyiko, na baada ya muda mfupi atagundua mwenyewe kwamba mengine yananata na mengine hayanati, yaani ya chuma na ya alumini. Kisha mletee beseni la maji. Katakata chupa ya maji ya kunywa na kizibo chake viwe vipande vidogo, vizamishe na kuvikoroga ili mapovu ya hewa yaondoke, na utaona vipande vya chupa vikishuka chini na vya kizibo vikielea, kwa sababu chupa ni plastiki ya PET iliyo nzito kuliko maji, na kizibo kwa kawaida ni polipropilini au polithilini, aina nyingine za plastiki ambazo ni nyepesi kuliko maji. Umuhimu wa majaribio haya ni kwamba viwanda vya urejelezaji hufanya hivyohivyo: sumaku kubwa hunyakua chuma kwenye mkanda unaosafirisha taka, na plastiki zilizosagwa hutenganishwa katika matangi ya maji. Mtoto akijua kwamba beseni lake ni kiwanda kidogo, hahitaji kusukumwa kuosha chupa kabla ya kuitupa. Anaelewa kwamba mabaki yaliyoganda ndani yake yatachafua maji na kuharibu kazi ya wengine.

Baada ya hapo takwimu huwa na maana. Kuyeyusha alumini iliyokwishatumika huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye mawe ya boksiti, na alumini na kioo vinaweza kuyeyushwa tena na tena. Karatasi ni tofauti, maana nyuzi zake hufupika kila inaporejelezwa, hadi zishindwe kushikana. Urejelezaji wa karatasi nao unaweza kuonekana kwa macho: loweka karatasi zilizotumika, zipondeponde ziwe uji, zichuje kwenye wavu na kuzianika. Utapata karatasi nene yenye mikwaruzo, ambayo watoto huithamini kupita kiasi.

Nitaongeza neno moja ambalo huenda lisipendwe. Sivutiwi sana na zile kazi za mikono ambazo chupa nzima ya plastiki hupakwa rangi, ikagandishwa pambo na gundi, ikaitwa ndege au roketi, na baada ya wiki moja ikatupwa. Kabla ya rangi na gundi chupa hiyo ingeweza kurejelezwa. Baada yake ni vigumu. Kama mnataka kutengeneza kitu, kiwe kitakachotumika kwa muda mrefu, au kiunganishwe kwa kamba ili kiweze kufumuliwa.

Semeni ukweli pia kuhusu alama ya urejelezaji, ile ya mishale mitatu inayofuatana kwa mzunguko. Iliundwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani, kwa ajili ya shindano la usanifu, na hakuna aliyeihodhi. Tarakimu kutoka 1 hadi 7 zinazoonekana ndani ya alama kama hiyo, zilizoanza kutumika kwenye plastiki mwaka 1988, hueleza aina ya plastiki tu. Hazihakikishi kwamba kifaa hicho kitarejelezwa. Kuzisaka tarakimu hizo chini ya makopo na vyombo ni mchezo mzuri wa siku ya mvua, mradi hatua inayofuata iwe kuwauliza wakusanyaji wa taka mnakoishi wanapokea namba zipi na hawapokei zipi. Mtoto akigundua kwamba namba fulani haipokelewi popote, msimfiche. Huo ndio wakati mwafaka wa kuzungumza juu ya kununua kidogo na kutumia kitu mara nyingi, na atalisikia kwa sababu ni ugunduzi wake.

Mahali mnapochagua kusafisha pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba watu hutupa ovyo zaidi mahali ambapo tayari pamechafuka kuliko mahali palipo safi. Ndiyo maana nashauri familia ichague kipande kidogo kinachoweza kumalizika kwa siku moja na kurudiwa, badala ya eneo kubwa linaloachwa nusu. Kabla ya kutoka, hakikisheni mnajua magunia yatapelekwa wapi, na watoto wayasindikize hadi yanapopokelewa.

Vijana wa miaka 12 na kuendelea ni habari nyingine. Ukiwaletea nyimbo na vibandiko wataona wanadharauliwa. Wapeni ramani, kamera na mamlaka: wao ndio wachague eneo, waongoze wadogo, waandae hesabu na waamue barua iende kwa nani.