Gari la spoti likiibwa, kimbilia namba ya chesisi

Kazi yangu ni kuchunguza madai ya bima ya magari ya bei mbaya: Porsche, Ferrari, BMW za spoti za M, na yale ya zamani ambayo mwenyewe huyaosha kwa mkono wake na hataki mtu ayaegemee. Wanaonipigia simu baada ya wizi huanza na swali moja: litapatikana? Nami huwajibu kwa swali linalowakera: namba ya chesisi, ile iliyogongwa kiwandani kwenye gari lenyewe, unayo hapo ulipo?

Wengi hawana. Wananisomea kibao cha namba, ambacho mwizi alishakitupa kabla hajatoka mtaani. Au wanasema namba imo kwenye kadi, na kadi imo ndani ya gari.

Sababu ya kung'ang'ania namba hiyo ni hii. Gari la kawaida likiibwa huweza kuchinjwa spea usiku uleule likaisha. Gari la spoti la thamani nalo huchinjwa mara nyingine, hasa injini, viti na taa zake, lakini mwizi mwenye mtandao hulitaka zima, kwa sababu bei yake iko kwenye uzima wake. Tatizo lake ni kwamba gari hilo haliuziki bila karatasi. Mnunuzi wa gari la namna hiyo huuliza historia, hupekua namba, huita fundi. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwizi huanza baada ya wizi: kulitafutia gari jina jingine. Na kazi yako wewe ni kuhakikisha jina la zamani linasambaa kabla hajalipata hilo jipya.

Kwanza hakikisha gari limeibwa kweli, halijavutwa na wanaovuta magari yaliyoegeshwa vibaya wala halijachukuliwa na benki unayodaiwa. Inachekesha hadi ikupate. Kisha nenda polisi, na hapo usiwe na haraka.

Namba ya chesisi ya gari la kisasa ina herufi na tarakimu 17. Ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana mno na 1 na 0. Ukiona askari ameandika O kwenye maelezo yako, ujue ameandika kosa, na gari lako likisimamishwa kesho mfumo hautasema lolote. Mwambie akusomee tena herufi moja moja. Tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji: ZFF ni Ferrari, WP0 ni Porsche. Magari ya kabla ya 1981 mara nyingi yana namba fupi zisizofuata utaratibu huo, kwa hiyo ongeza namba ya injini, na ya giaboksi kama unayo. Uliza pia kama taarifa itapelekwa kwenye hifadhidata ya magari yaliyoibwa ya Interpol. Mtu binafsi hawezi kuiingiza mwenyewe. Inapitia ofisi ya Interpol iliyo ndani ya polisi wa nchi, na askari wa zamu asipokumbushwa inaweza kukaa kwenye jalada.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu herufi moja, kuna gari la spoti la Kiingereza, Austin-Healey, lililoibwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1970. Mwenyewe aliliona mwaka 2012 likiuzwa kwenye mtandao wa minada wa eBay, liko Los Angeles. Miaka 42 ilikuwa imepita na bado alikuwa na hati ya umiliki na ufunguo wake. Kilichomchelewesha kulipata ni kwamba rekodi ya wizi haikuonekana mwanzoni, kwa kuwa namba ya chesisi ilikuwa imeingizwa kimakosa. Alirudishiwa gari lake. Bila zile karatasi sidhani kama kuna ambaye angemsikiliza.

Turudi kwenye saa za mwanzo. Kama gari lina kifaa cha kulifuatilia, kiache kilivyo. Usibadilishe nywila kwa pupa, usifute programu kwenye simu, usikate laini iliyomo ndani ya kifaa kwa kuogopa gharama. Mpigie mtoa huduma, mpe namba ya jalada la polisi, mwache yeye azungumze na polisi. Ukiona alama inatembea kwenye ramani usiifuate. Najua mwili utakusukuma. Unaowafuata hawako peke yao, na wewe una funguo mkononi tu.

Ikipotea alama, usikate tamaa siku hiyohiyo. Wezi wa magari haya wana tabia ya kuliegesha gari mahali pa kawaida kabisa, kwenye maegesho ya hospitali au ya majengo ya kupanga, si mbali na walikolichukua, halafu wanaliacha siku kadhaa waone kama kuna atakayekuja. Asipokuja mtu wanajua halina kifuatiliaji, au kimekufa. Kwa hiyo marafiki watano wakizunguka maegesho ya jirani kwa siku mbili tatu, wakiangalia na yaliyofunikwa turubai, wanafanya kazi yenye maana. Wakiliona wapige simu polisi na wakae mbali. Likishaingia kwenye kontena hali hubadilika, maana chuma huzuia mawimbi ya GPS na ya simu. Vifaa vya mawimbi ya redio ya VHF ndivyo hupenya vizuri zaidi.

Mtandaoni tangaza, lakini usimwage kila kitu. Weka picha, rangi, aina, mji, na alama moja ya wazi. Alama nyingine ifiche: mkwaruzo chini ya kiti cha dereva, nati iliyobadilishwa, mshono wa usukani. Baada ya siku moja au mbili atakupigia mtu akisema gari analo, au anamjua aliye nalo, umtumie pesa kwanza. Muulize hiyo alama. Karibu wote hukata simu.

Sasa bima. Hapa ndipo ugomvi wangu na wateja huanza, kwa sababu swali la kwanza ninalouliza ni la funguo. Nataka zote, pamoja na ule wa akiba uliosahaulika droo gani sijui. Watu hudhani nawashuku. Ukweli ni kwamba magari mengi ya siku hizi huibwa funguo zikiwa ndani ya nyumba. Mmoja anasimama karibu na mlango wako na antena, mwenzake yuko kando ya gari; mawimbi ya ufunguo uliotundikwa ukutani yanavutwa hadi kwenye gari, nalo linafunguka na kuwaka likidhani mwenyewe kafika. Kuna njia ya pili isiyohitaji ufunguo wako kabisa: wanabomoa upande wa bampa, wanafikia nyaya za taa ya mbele, wanachomeka kifaa kinachozungumza na mtandao wa ndani wa gari na kuuambia ufunguo upo. Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa mifumo nchini Uingereza, alikuta bampa na taa za Toyota RAV4 yake zimevurugwa zaidi ya mara moja mwaka 2022 kabla halijaibwa. Uchambuzi alioufanya na Ken Tindell ulitoka 2023 na ndio uliowafanya wengi katika kazi yetu waelewe walichokuwa wanakiona. Kwa hiyo ukikuta taa inacheza au plastiki ya juu ya gurudumu imechomolewa, usidhani ni watoto. Piga picha, na gari lilale ndani kama una pa kuliweka.

Kuwa na funguo zote mbili, basi, hakukutii hatiani. Kinachokutia hatiani ni maelezo yanayogongana. Kama uliacha gari likiunguruma ukaingia dukani, sema hivyo. Huenda mkataba wako hauilipi hali hiyo, nami sitakuficha, lakini uongo ukigundulika unapoteza hata kile ambacho kingejadiliwa. Na funguo zina kumbukumbu: za BMW nyingi, kwa mfano, huhifadhi kilomita za mara ya mwisho zilipotumika. Mtu aliyesema gari limelala wiki nzima ananipa ufunguo unaosema vingine.

Upande wa fedha, kila kitu kinategemea maneno mawili matatu kwenye mkataba. Bima ya bei ya soko italipa kile ambacho gari kama lako lingeuzwa siku ya wizi, na kwa gari adimu hapo ndipo mnapoanza kuvutana, kwa sababu hakuna gari kama lako. Bima ya thamani iliyokubaliwa hulipa kiasi mlichoandikiana mwanzo. Ukishindwa kupata hiyo ya pili, basi weka kumbukumbu: risiti za matengenezo, picha za kila upande, karatasi ya kiwandani inayotaja vifaa vilivyofungwa. Na usiziweke ndani ya gari, wala karakana moja nalo. Kuna Talbot-Lago, gari la Kifaransa la miaka ya 1930, iliyoibwa Milwaukee, Marekani, mwaka 2001. Hiyo ilikuwa imefunguliwa vipandevipande kwa matengenezo. Wezi walibeba vipande na makaratasi yake pia. Ilijitokeza tena baada ya mtu kuinunua 2015 kwa karibu dola milioni 7 na kwenda kuisajili, na kufikia mwaka 2020 mvutano wa umiliki wake ulikuwa umefika hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Wisconsin.

Jambo jingine watu hawalisomi. Bima ikikulipa yote, gari likipatikana ni lao. Mwaka 1978 wapelelezi wa ofisi ya sherifu wa Los Angeles walifukua Ferrari Dino 246 GTS iliyokuwa imeripotiwa kuibwa, ikiwa imezikwa kwenye uwanja wa nyumba. Fidia ilikuwa imeshalipwa, kwa hiyo bima ndiyo iliyokuwa na haki ya kuliuza. Kama gari lako unalipenda kuliko hela, dai mkataba uwe na kifungu cha kukupa nafasi ya kwanza ya kulinunua tena. Ni sentensi moja. Idai kabla hujasaini, kwa sababu baada ya wizi hakuna atakayekuandikia.

Na yanapatikana, tena baada ya muda ambao kila mtu ameshasahau. Mwaka 1995, siku za mashindano ya Formula 1 ya San Marino kule Imola, Italia, Ferrari mbili za madereva wa timu ya Ferrari, Gerhard Berger na Jean Alesi, ziliibwa. F512M ya Berger ilisafirishwa hadi Japani muda mfupi baadaye, ikaishi huko, ikaletwa Uingereza mwishoni mwa 2023. Januari 2024 mnunuzi wa Marekani alipotaka kuichukua, Ferrari wakapekua namba wakakuta ni ya wizi, na polisi wa London waliifuatilia na kuizuia ndani ya siku nne. Ilikadiriwa kuwa na thamani ya takriban pauni 350,000. Hakukuwa na kifuatiliaji wala kamera. Ni karatasi ya kiwandani iliyokuwa imekaa kimya karibu miaka 29. Ndiyo maana namwambia kila mteja ampelekee mtengenezaji taarifa ya wizi kwa maandishi, si polisi peke yao. Gereji rasmi zikiona alama ya wizi kwenye namba hiyo hazitachonga ufunguo mpya wala kulihudumia kimyakimya.

Wezi wanalijua hili, ndiyo maana hukwangua namba na kugonga nyingine, kwa kawaida ya gari halali la aina na rangi ileile. Nikishuku, kwanza natazama mwandiko: umbo la 4 na la 7, nafasi kati ya tarakimu, mstari kupanda au kushuka. Kisha tunaondoa rangi, tunasugua chuma kwa msasa laini hadi king'ae, tunapitisha pamba yenye asidi taratibu. Namba iliyogongwa kiwandani ilikandamiza chuma hadi chini kuliko alama inayoonekana, na sehemu iliyokandamizwa huliwa na asidi tofauti na jirani yake. Kivuli cha tarakimu kinajitokeza, unapiga picha haraka, kwa sababu kinaweza kufifia. Sijawahi kuchoka kukiona. Tukikosa hapo tunaingia kwenye kompyuta za gari: ya injini, ya breki, ya mifuko ya hewa. Aliyebadilisha zote bila kusahau hata moja ni nadra.

Likirudi kwako, usiliwashe. Polisi wamalize alama za vidole kwanza, kisha livutwe hadi kwa fundi. Breki na mabomba ya mafuta yakaguliwe, na chini ya bodi kutafutwe kifuatiliaji ambacho hukukiweka wewe. Wapo wanaolirudia gari walilolikosa. Funguo zote zifutwe kwenye kumbukumbu ya gari na ziandikwe upya. Kisha fundi asome kompyuta ya injini. Porsche nyingi za kisasa huandika mara ngapi injini ilizungushwa kupita kiwango, na ilitokea kwenye saa ya ngapi ya maisha ya injini. Linganisha saa hizo na siku ya wizi. Kama kuna mtu aliingiza gia ya pili akidhani ni ya nne, imo humo, na taarifa hiyo iifikie bima kabla hujasaini kwamba umepokea gari likiwa salama.