Shahada ya Kemia Haiishii Darasani

Wazazi wengi Nairobi huamini kwamba mtoto akisomea shahada ya sayansi, tuseme kemia, ataishia kuwa mwalimu. Lakini shahada hiyo peke yake haitoshi kufundisha shule ya upili. Lazima awe pia na mafunzo ya ualimu. Viwandani, kule Industrial Area, mkemia hupima kiwango cha asidi katika maziwa, uzito wa rangi ya ukuta na usafi wa maji kabla bidhaa haijatoka getini. Inauma kuona kijana mwenye kipawa akiikataa kozi bila kujua hilo. Soma matangazo ya kazi, hasa sehemu ya sifa zinazohitajika. Kisha uliza idara ya kemia chuoni wanafunzi wao hufanyia wapi atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini.