Nyuma ya siti ya pikapu, pima lita kabla ya inchi

Kila anayeniletea dabo kabini hapa Mbeya anakuja na sabufa ya inchi 12 na ombi lilelile: "Fundi, niwekee kubwa nipate besi nzito." Naomba tulimalize hili leo. Nyuma ya siti ya pikapu, inchi za spika haziamui peke yake. Kinachoamua ni lita za hewa zinazobaki ndani ya boksi.

Chukua boksi la upana wa sentimita 70, kimo 34, kina cha wastani 12, maana mgongo wa siti umelala na juu lazima liwe jembamba. Ukipima kwa nje unapata lita 28 na nusu, na wengi wanaishia hapo. Lakini mbao ya milimita 18 imekula pande zote sita, ndani zimebaki lita 17. Toa sumaku na fremu ya spika, toa vipande vya kukazia, unabaki na 14 hivi. Nusu ya ulichopima! Na hiyo ni kwa sabufa bapa, kwa sababu yenye sumaku ndefu haiingii kabisa.

Sasa weka humo inchi 12 yenye Vas (hewa yenye ulaini sawa na wa springi ya spika) lita 50, Qts (namba ya jinsi inavyozuia mtikisiko wake) 0.5, Fs (masafa inayotikisika yenyewe kirahisi kabla ya kufungwa) Hz 28. Ikishafungwa ndani ya boksi, masafa hayo yanapanda hadi Hz 60 na Qtc, yaani ile Qts ikiwa ndani ya boksi, inafika 1.07; ikizidi sana, besi inavimba. Inchi 10 yenye Vas 20, Qts ileile na Fs Hz 32 inakaa kwenye Hz 50, Qtc 0.78. Masafa ya ndogo yako chini zaidi! Ile kubwa inavimba kwenye Hz 80 hivi, na nyimbo zote zinaanza kufanana. Hapo mteja anataka amplifaya kubwa zaidi, wakati tatizo ni boksi.

Jambo moja linatusaidia sisi wa nyanda za juu. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni pungufu karibu asilimia 18, kwa hiyo hewa ya ndani ya boksi ni laini kuliko karatasi ya kiwanda inavyodhani. Boksi linafanya kazi kana kwamba ni kubwa kidogo. Kidogo tu, haliokoi inchi 12.

Pamba ndani ya boksi inasaidia pia, ila siamini ile nadharia kwamba boksi linakuwa kama limeongezeka asilimia 40. Wala siamini kwamba kabini inaongezea besi desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu, kama vitabu vinavyochora. Milango na matundu ya hewa vinavujisha, bati linatikisika. Naweka maikrofoni usawa wa kichwa cha dereva, ndipo nasema.

Boksi la tundu sahau, kwa lita 14 bomba lake halina pa kukaa. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) kwenye gari la Tukuyu, lenye mazulia yaliyolowa mvua, inavimba. Tumia plaiwudi, Mafinga wanatengeneza. Fyuzi karibu na betri, usibishane. Boksi lifungwe kwa bolti kwenye bodi, na jeki ihamishiwe mahali unapofikia.

Ukienda dukani, omba karatasi yenye Vas, Qts na Fs. Sabufa isiyo na namba hizo iache hapohapo, hata kama ni ya inchi 15.