Maana ya gharama inayokatwa: ada za programu katika ushuru wa aliyejiajiri

Mbunifu wa michoro anayefanyia kazi nyumbani kwake Kasarani, mtafsiri aliye Ngara na mhariri wa video mwenye chumba cha kukodi Kilimani wanafanana kwa jambo moja: zana zao kuu za kazi, yaani programu za kompyuta, hazinunuliwi kwenye maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi zikabebwa nyumbani, bali hukodiwa mwezi baada ya mwezi. Siku ya malipo ikifika, pesa hutoka kwenye kadi na programu huendelea kufunguka. Pesa zisipokuwapo, kazi husimama. Kwa kuwa ada hizo ni sehemu ya kutafuta riziki, ni haki kuuliza zinahesabiwaje msimu wa kuwasilisha ritani (taarifa ya mwaka ya mapato na ushuru) unapofika, na jibu lake limo katika dhana inayoitwa gharama inayokatwa.

Kukata gharama ni kuiondoa katika mapato kabla ushuru haujapigiwa hesabu. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470 ya sheria za Kenya, haimtozi mfanyabiashara kwa kila shilingi iliyopita mikononi mwake; inamtoza kwa faida, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa matumizi yaliyoyazaa mapato hayo. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ndicho kinachoweka kipimo: matumizi yanayoruhusiwa ni yale yaliyofanywa yote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuyapata mapato yanayotozwa ushuru. Aliyejiajiri, hata kama hana kampuni wala duka, yumo ndani ya kifungu hicho sawa na mwenye kiwanda cha Industrial Area.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe linafaa kurekebishwa kwa hesabu. Kukata gharama si kurudishiwa pesa. Tuseme mbunifu wetu amebakiwa na shilingi 900,000 kwa mwaka baada ya kuondoa gharama nyingine zote, na ada za programu zake ni shilingi 7,500 kwa mwezi, ambazo ni 90,000 kwa mwaka. Akizikata, mapato yanayotozwa ushuru hushuka hadi 810,000. Kwa viwango vinavyotumika tangu mwaka 2023, mapato yanayozidi shilingi 388,000 kwa mwaka hadi milioni 6 hutozwa asilimia 30, kwa hiyo ushuru wake unapungua kwa 27,000. Bado zile 63,000 zimetoka mfukoni mwake. Anayenunua programu asiyoihitaji kwa kuwa ameambiwa itamshushia ushuru anatumia shilingi 100 ili aokoe 30, na huo si ushauri wa kumpa mtu anayeanza kazi.

Kwa mwenye kipato kidogo hali ni tofauti kabisa. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, ambazo ni 28,800, na msamaha wa kibinafsi ambao kila mkaazi hupewa ni hizohizo 28,800. Ikiwa faida yake yote kwa mwaka haifiki shilingi 288,000, ushuru wake wa mapato ni sufuri hata kabla ya kukata ada ya programu. Hata hivyo si busara kujaza ritani ya sifuri kana kwamba hakupata chochote: ritani hiyo ni tamko la kisheria, na mapato yanapaswa kuonekana ndani yake pamoja na gharama zake, hata kama ushuru unaotokana nayo ni sufuri.

Maneno mazito katika kipimo cha kifungu cha 15 ni yale ya "kwa ajili hiyo pekee". Programu ya kuhariri video ambayo mhariri huitumia kwa kazi za wateja haina utata. Ada ya muziki au filamu anayoifurahia jioni na familia yake pia haina utata, kwa kuwa kifungu cha 16 kinakataa waziwazi matumizi ya kibinafsi. Ugumu uko katikati: hifadhi ya mtandaoni iliyojaa faili za wateja pamoja na picha za harusi ya dada, au akaunti ya Zoom inayotumika kwa vikao vya kazi na kwa mikutano ya chama. Ninavyoliona mimi, njia salama ni kutenganisha mapema: fungua akaunti ya kazi peke yake, kwa anwani ya barua pepe ya kazi, na uilipie kwa kadi ya kazi. Pasipowezekana kutenganisha, dai sehemu ile tu unayoweza kuithibitisha kwa kipimo kinachoeleweka, kama vile idadi ya watumiaji au ukubwa wa hifadhi, na kipimo hicho ukiandike siku unayokitumia, si siku utakayoulizwa.

Programu inayonunuliwa mara moja na kubaki mali ya mnunuzi kwa miaka hufuata njia nyingine. Hiyo ni rasilimali, wala haikatwi yote kwa mwaka mmoja. Jedwali la Pili la sheria hiyo huruhusu asilimia 25 ya gharama yake ikatwe kila mwaka, pamoja na kompyuta zenyewe.

Jambo linalowasumbua watu wengi zaidi ni ushahidi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), haikubaliwi kukatwa, isipokuwa pale ambapo sheria imetoa ruhusa. Ukinunua leseni kwa muuzaji aliye hapa Nairobi, basi mpe PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru, na udai ankara ya eTIMS papo hapo, kwa maana risiti ya kawaida haitakufaa. Lakini wapo wanaoacha kudai ada zote za programu za nje kwa kuamini kwamba, kwa kuwa kampuni ya ng'ambo haina eTIMS, gharama hiyo imepotea. Sivyo. Kanuni za ankara za kielektroniki za mwaka 2024 zimeziacha nje huduma zinazotolewa na mtu asiye mkaazi ambaye hana makao ya kudumu ya biashara nchini. Kinachohitajika ni ankara ya kampuni yenyewe, yenye jina lako, tarehe, huduma na kiasi, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha shilingi ngapi zilitoka. Ujumbe wa simu unaosema kadi imekatwa dola kadhaa hauelezi ulinunua nini.

Zipo tozo mbili za kuangaliwa. Ikiwa ankara ya kampuni ya nje ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 nawe hujasajiliwa kwa ushuru huo, huwezi kuidai, bali inaingia katika gharama yako. Ya pili ni nzito zaidi: marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yalipanua maana ya mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki ya mtu mwingine, ikajumuisha malipo ya programu za kompyuta, zikiwemo zile zinazouzwa kwa umma, na mrabaha unaolipwa kwa asiye mkaazi una ushuru wa zuio, yaani ule ambao mlipaji huukata na kuupeleka KRA, wa asilimia 20. Mwenye malipo makubwa ya leseni kwenda nje amwone mhasibu kabla ya kulipa.

Kuna wanaojiajiri ambao kukata gharama hakuwahusu hata kidogo. Aliye chini ya ushuru wa mauzo, unaowahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, hulipa asilimia 3 ya mauzo ghafi bila kuondoa gharama yoyote, ingawa mapato ya ada za usimamizi, za utaalamu na za mafunzo yamewekwa nje ya mpango huo. Aliyeajiriwa kwa mshahara naye hawezi kukata programu aliyojinunulia kwa ajili ya kazi ya mwajiri. Akiwa na biashara ya pembeni, ada ya programu ya biashara hiyo huondolewa katika mapato ya biashara, si katika mshahara.

Ada ya mwaka mzima iliyolipwa Oktoba inahusu miezi mitatu tu ya mwaka huo. Iliyobaki ni gharama ya mwaka unaofuata. Ritani huwasilishwa kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na kumbukumbu zake hutunzwa kwa miaka mitano. Kwa sababu akaunti ya programu ikifungwa ankara zake za zamani huenda zisipatikane tena, ni vyema kuzipakua kila mwezi. Na aliyegundua leo kwamba amekuwa akilipa ushuru kwa pesa zilizokwisha kulipia programu hajachelewa: sheria inamruhusu kuomba kurekebisha ritani aliyoiwasilisha ndani ya miaka mitano iliyopita, mradi ankara za miaka hiyo anazo.