Hitisinki ya ziada kwenye madabodi ni nini, na inasaidia wapi

Hitisinki ni kipande cha alumini au shaba chenye mapezi, kinachobandikwa juu ya chipu ili joto lake lienee na kuchukuliwa na hewa. Kiwandani madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, huwekewa moja juu ya chipseti, chipu inayoratibu mawasiliano ya bodi. Zikisemwa za ziada, ni zile anazoongeza fundi pale palipoachwa wazi, na mara nyingi hapo ni kwenye mosfeti za VRM, sehemu inayorekebisha volti za prosesa: chipu nyeusi bapa zilizojipanga kando ya prosesa, zinazoshusha volti 12 hadi volti 1 na ushei.

Kushusha huko kuna hasara. Prosesa ikila wati 100 na VRM ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, wati 11 hivi zinageuka joto mahali padogo mno. Dalili yake huwapoteza wengi: joto la prosesa linasoma nyuzi 65, liko sawa kabisa, lakini baada ya dakika kumi za kazi nzito kasi inaporomoka, kisha inapanda, kisha inaporomoka tena. Hapo prosesa haina kosa. VRM ndiyo imechemka na bodi inajihami kwa kupunguza kasi.

Kabla ya kununua chochote, angalia upepo. Hitisinki hulikabidhi joto kwa hewa, basi, na hewa ya Mombasa wakati wa kaskazi imeshafika nyuzi 32 au 33 kabla kompyuta haijawashwa. Ndani ya kesi iliyobanwa chini ya meza, inafika 42. Chipu inayozidi hewa iliyoizunguka kwa nyuzi 60 itasoma 82 penye hewa ya nyuzi 22 za kiyoyozi. Ndani ya kesi hiyo itasoma 102. Kwa hiyo feni moja ya milimita 120 inayopuliza kuelekea VRM mara nyingi inafaa kuliko hitisinki sita zisizopata upepo. Ukibadilisha kipoza cha prosesa, kutoka kile kinachopuliza kuelekea chini ukaweka cha mnara au cha maji, VRM imenyang'anywa upepo wake. Watu husahau hilo.

Upepo ukiwepo na bado kuna shida, tafuta hitisinki ndogo za alumini. Za milimita 14 kwa 14, kimo 6, zinapatikana kirahisi, ila pima kwanza chipu na nafasi iliyo juu yake, usije ukazuia kipoza cha prosesa. Safisha uso wa chipu kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, uache ukauke. Bandika kwa tepu ya kupitisha joto yenye gundi pande mbili, kandamiza nusu dakika, kisha iache bodi imelala saa kadhaa kabla ya kuisimamisha. Mapezi yafuate njia ya upepo.

Ukitumia kipande kimoja kirefu juu ya mosfeti kadhaa, weka pedi ya joto, kipande laini kinachopitisha joto, ya milimita 1, kwa kuwa vimo vya chipu havilingani sawasawa, na kifunge kwa skrubu au pini kwenye matundu ya bodi. Pedi ya kawaida haina gundi ya kubeba uzito. Tena ihami umeme: baadhi ya mosfeti zina chuma kilicho wazi chenye volti 12, na alumini ikikigusa pamoja na cha jirani, bodi imekwisha.

Supagluu usiiguse. Haipitishi joto vizuri, na siku ya kung'oa itatoka na chipu. Epoksi ya joto, gundi ngumu inayopitisha joto, nayo ni ndoa isiyo na talaka. Tepu ina ila yake: bodi ikisimama wima na joto likiwa juu kila siku, tepu ya bei ya chini hulegea, hitisinki ikaangukia kadi ya picha iliyo chini yake na kuunganisha njia za umeme.

Usiweke matumaini makubwa mno. Mosfeti nyingi humwaga joto kubwa kwa chini, kupitia shaba ya bodi. Plastiki ya juu ni mlango wa pembeni. Ndiyo sababu kubandika nyuma ya bodi, mkabala na VRM, kwa pedi nene inayohami, nako husaidia pakiwa na nafasi.

Kapasita usizibandike kitu. Zinachotaka ni upepo. RAM ya kawaida haihitaji. SSD ya NVMe, hifadhi ya kasi inayochomekwa kwenye bodi, inayopunguza kasi ukinakili mafaili makubwa, hiyo inafaidika kweli.

Kwa walio karibu na bahari, Mji wa Kale au Nyali, chumvi ya hewani hushika unyevu na vumbi kati ya mapezi, na alumini hutoa unga mweupe. Kila miezi mitatu zima, chomoa waya, puliza kwa blowa huku ukizuia feni zisizunguke, na uijaribu kila hitisinki kwa kidole. Inayocheza, ing'oe ubandike upya kwa tepu mpya.