Shingo Imepinda, Lakini Mtoto Yu Macho

Saa tatu usiku, hapa Malindi, mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 12 kwa tuktuk. Kichwa kimepindia bega la kushoto, macho yamekwama juu kama anayehesabu boriti. Nyumbani walikuwa wameshamsomea. Bibi yake alisema ni jini, jirani akasema degedege.

Nilimwita jina. Akaitikia, kwa tabu, ulimi mzito, lakini akaitikia. Mtoto aliyeshikwa na degedege la mwili mzima hana habari na dunia. Huyu alikuwa anasikia kila neno na anaogopa. Nikamuuliza mama jambo moja tu: ameanza dawa gani, na lini?

Haloperidoli, dawa ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwapo. Juzi.

Hali hiyo ya misuli kujikaza yenyewe huitwa distonia. Mara nyingi huja katika siku chache za kwanza, au dozi ikipandishwa, na watoto na vijana, hasa wa kiume, hupatwa zaidi kuliko watu wazima. Sababu yake si fumbo. Dawa za saikosisi huziba milango ya dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuratibu mwendo wa misuli. Tulimpiga sindano ya promethazini; kabla ya chai ya mlinzi kuchemka mara ya pili, shingo ilikuwa imenyooka. (Sindano ya metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo huweza kupinda shingo vivyo hivyo, hata kwa mtoto asiye na ugonjwa wowote wa akili.)

Distonia inatisha lakini angalau inaonekana. Inayonisumbua mimi ni akathisia, dawa kumfanya mtu asiweze kutulia, maana hii ilinipiga chenga.

Nilimwandikia risperidoni, dawa ya kundi lile lile, mvulana wa miaka 9 mwenye usonji aliyekuwa akijipiga kichwa. Marekani dawa hiyo iliidhinishwa mwaka 2006 kwa hasira na vurugu za watoto wa namna hiyo, kuanzia miaka 5. Wiki ya pili mama akaja: "Daktari, amezidi. Hakai kitako, baraza yote ni yake, usiku halali." Nikaona ugonjwa haujashikika, nikaongeza dozi. Akazidi maradufu. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa: dawa ndiyo iliyokuwa ikimtembeza. Tulipoipunguza, alikaa akala.

Yeye hakuwa na maneno ya kunieleza. Msichana mmoja mkubwa kidogo alikuwa nayo: "Nina siafu ndani ya mifupa." Tangu siku ile, nikisikia mtoto kaanza dawa na "utukutu" umeongezeka, nauliza habari za miguu kabla sijagusa kalamu.

Kuna pia ugumu wa mwili, mate kutiririka, mwendo wa kizee, sauti kufifia. Walimu huandika "ametulia sana" na kila mtu anafurahi. Mimi sifurahi. Benzeksoli husaidia hapo, ila hukausha mdomo na kufunga choo, kwa hiyo kupunguza dozi kwanza ni bora.

Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na mtoto kuchanganyikiwa, au koo kubana asipumue vizuri: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kukodi boti.

Ila msikate dawa ghafla. Familia moja ilikwenda Lamu kwa Maulidi ikasahau pakiti nyumbani. Binti yao alikuwa ameitumia zaidi ya mwaka. Siku chache baadaye midomo ikaanza kutafuna hewa na ulimi kutoka na kuingia. Baada ya wiki kadhaa ilikwisha yenyewe. Mwendo wa namna hiyo ukijitokeza mtoto akiwa bado anameza dawa, huweza kubaki hata baada ya kuiacha, na benzeksoli haiuondoi, pengine huuchochea.

Siku hizi nawaomba wazazi wanirekodie kwa simu, uso na miguu, na waniandikie tarehe ya kidonge cha kwanza. Kliniki yangu ni ya Jumanne, na shingo haisubiri Jumanne.